Kukaa Ufukweni Kabla ya Kuuliza: Niliyojifunza Nikitafiti Biashara ya Samaki Bagamoyo

Utafiti wangu wa shahada ya uzamili ulihusu kipato cha wanawake wanaonunua, kukaanga na kuuza samaki mjini Bagamoyo, ambao ufukweni huitwa mama karanga. Pendekezo lililopitishwa chuoni lilifuata mpangilio uliozoeleka: dodoso kwanza, kisha mahojiano ya kina na wahojiwa wachache, na mwishoni kabisa, endapo muda na fedha vingebaki, ushuhudiaji sokoni, yaani kutazama biashara inavyofanyika. Kazi ilipokamilika mpangilio huo ulikuwa umepinduliwa. Ushuhudiaji ulitangulia, dodoso likafuata, na ninaamini kwa dhati kwamba matokeo yangekuwa na thamani ndogo sana kama tungeng'ang'ania utaratibu wa mwanzo. Nimeandika haya kwa ajili ya mwanafunzi au mdadisi anayejiandaa kwenda uwandani katika mji wa pwani kama huu, ili fedha yake kidogo na subira ya watu atakaowahoji visipotee katika maswali yasiyowahusu.

Nianze na vibali, kwa kuwa ndivyo vinavyokula muda ambao hakuna anayeuweka katika ratiba. Barua ya chuo haikupeleki moja kwa moja ufukweni. Inakwenda kwanza kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ambaye kwa Mkoa wa Pwani ofisi yake iko Kibaha. Hapo inatoka barua nyingine kwenda wilayani na halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata, na mwisho kwa mtendaji na mwenyekiti wa mtaa, ambao ndio hasa wanaokufungulia milango. Mtafiti anayetoka nje ya nchi ana hatua ya ziada, nayo ni kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Kila ngazi ina daftari lake la wageni, na afisa unayemhitaji anaweza kuwa kikaoni au safarini siku uliyofika. Sina lawama kwa utaratibu huu, na baadhi ya maswali niliyoulizwa na watendaji yalikuwa makali na yenye manufaa kuliko yale ya jopo la chuo. Hata hivyo, gharama zake, yaani nauli za kwenda na kurudi, kurudufu nakala, vocha za simu na malazi ya siku usizotarajia, hazimo katika bajeti nyingi za wanafunzi nilizowahi kuzisoma. Katika bajeti yangu fungu kubwa lilikwenda kwenye posho za wadadisi na usafiri, ilhali uchapaji wa madodoso, ambao ndio uliokuwa ukinitia hofu, ulichukua sehemu ndogo tu.

Mwenyekiti wa mtaa alipokwisha kunitambulisha kwa viongozi wa soko, dodoso lilikuwa bado kwa msimamizi wangu likisubiri marekebisho. Badala ya kurudi Dar es Salaam kulisubiri, nilipanga chumba Magomeni ya Bagamoyo, nikawa nashuka kila alfajiri hadi soko la samaki lililo ufukweni, karibu na jengo la forodha la enzi ya Wajerumani. Sikuwa na swali lolote la kuuliza isipokuwa salamu. Nilikaa, nikatazama vyombo vikiingia, nikajifunza nani anasimama wapi na kwa nini, na polepole nikaanza kuona kwamba dodoso tuliloliandaa kwa makini chuoni lilikuwa likiuliza habari za soko ambalo halipo.

Tatizo la kwanza lilikuwa orodha. Ili kuchagua sampuli nasibu, yaani watu wachache wanaochaguliwa kwa bahati kuwawakilisha wote, unahitaji orodha ya watu wote unaowatafiti, na sisi tuliitegemea orodha ya wafanyabiashara wanaolipa ushuru na wenye nafasi zao sokoni. Wengi wetu katika vyuo vya ukanda huu hukokotoa ukubwa wa sampuli kwa fomula ya Taro Yamane: unachukua idadi ya watu wote, unaigawanya kwa moja jumlisha zao la idadi hiyo na kipeo cha pili cha kosa unaloliruhusu. Ukiwa na watu 400 na kosa la asilimia 5, mgawanyo unakuwa 400 kwa 2, na sampuli ni watu 200. Hesabu hii ni nyepesi na inakubalika, lakini haina lolote la kusema kuhusu mtu ambaye jina lake halimo katika orodha. Nilipokaa ufukweni niliona wanawake wengi wananunua alfajiri na kuondoka na ndoo zao kabla mkusanya ushuru hajafika. Hawakuwa na meza wala namba. Walikaangia nyumbani na kuuza jioni barazani, au walimtuma mtoto mitaani na sinia. Hao walikuwa na mtaji mdogo zaidi, wengi wao wazee au wajane, na ndio hasa waliokuwa wametajwa katika utangulizi wa pendekezo langu kama kundi linalohitaji kueleweka.

Historia ya utafiti wa maoni ina mfano mashuhuri wa jambo hili. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za kura ya maoni kwa watu wapatao milioni 10 na kurudishiwa zaidi ya milioni 2, likatabiri kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majina yalikuwa yamechukuliwa kutoka vitabu vya simu na orodha za wenye magari, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi ambapo maskini hakuwa na simu wala gari, na zaidi ya hapo walioamua kujibu hawakufanana na walionyamaza. George Gallup, mtafiti mwingine wa maoni, kwa sampuli ndogo kuliko hiyo mara nyingi, alipata jibu sahihi. Ningependa kila mwanafunzi anayejivunia ukubwa wa sampuli yake aikumbuke habari hii kabla ya kupeleka dodoso kwa mchapaji.

Tuliunda orodha upya kwa njia mbili zilizosaidiana. Kwanza, wadadisi wawili walisimama kwenye njia za kutokea ufukweni na kuhesabu wanawake waliotoka na samaki, wakiwauliza tu wanakokaa. Pili, tulipita kwa wajumbe wa mitaa, ambao wanajua nani anakaanga samaki katika nyumba zao kuliko daftari lolote la ofisi. Kazi hii ilichosha na ikala fedha ambayo haikuwa imetengwa, na ilibidi nipunguze idadi ya mahojiano ya kina ili kuifidia. Sijutii hata kidogo.

Tatizo la pili lilikuwa zito zaidi, nalo ni la muda. Tunafundishwa sana kuchagua sampuli ya watu, lakini ni nadra kufundishwa kuchagua sampuli ya siku. Rasimu ya dodoso ilikuwa na swali lisemalo: “Kwa kawaida unapata faida kiasi gani kwa siku?” na ratiba ilikuwa kulimaliza zoezi lote kwa majuma machache, Jumatatu hadi Ijumaa. Ufukweni Bagamoyo hakuna siku ya kawaida. Dagaa na vibua huvuliwa usiku kwa taa, na taa huvuta samaki wakati wa giza; mwezi ukikaribia kuwa mpevu mwanga wake hufifiliza taa za wavuvi, vyombo vingi hupumzika, watu hushona nyavu, na samaki wachache wanaoingia hupanda bei. Mama yuleyule anayenunua ndoo kadhaa katika giza, wakati wa mbalamwezi atanunua mtungo mmoja wa changu kutoka kwa mvuvi wa mshipi, au ataacha kabisa samaki na kupika vitumbua. Mdadisi aliyefika juma la giza angeandika kwamba biashara inastawi, na aliyefika juma la mbalamwezi angeandika kwamba imekufa, na wote wawili wangekuwa wameandika ukweli wa siku zao.

Juu ya mwezi kuna maji. Ufuko wa Bagamoyo ni wa kina kifupi, na maji yakitoka vyombo hutia nanga mbali, wachukuzi wakaingia majini hadi kifuani na matenga vichwani. Saa ya mnada basi hufuata maji, ambayo huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, wala haifuati saa ya ofisi. Ukifika saa mbili asubuhi kila siku kwa kuwa ndivyo ratiba inavyosema, leo utakuta mnada umepamba moto na baada ya siku chache utakuta paka na ndege tu. Ijumaa nayo ina mwendo wake, kwa kuwa wavuvi wengi hawatoki.

Hivyo tuliugawa mwezi mwandamo, wenye siku 29 na nusu hivi, katika vipindi vinne, viwili vya bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na viwili vya maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, tukachagua siku kwa nasibu ndani ya kila kipindi, na saa za kushuhudia zikapangwa kwa kufuata jedwali la maji. Swali la faida ya kawaida liliondolewa. Mahali pake tuliuliza kuhusu siku ya mwisho mhojiwa aliyonunua samaki: alinunua kwa kiasi gani, alitumia nini kukaanga, aliuza kwa kiasi gani, na alibakiwa na kiasi gani. Kumbukumbu ya jana au juzi ina ushahidi mkononi, lakini kumbukumbu ya mwezi uliopita hujazwa na makadirio.

Kuna asubuhi moja ambayo nimeitumia mara nyingi kuwaeleza wadadisi wapya tofauti kati ya kinachosemwa na kinachotendwa. Mama mmoja wa makamo, ambaye nilikuwa nimekwisha kuzoeana naye, alinipokea kwa “Marahaba mwanangu, leo umewahi,” akanipa nafasi kando ya ndoo yake. Vibua vilimwagwa juu ya turubai, dalali akaanza kutaja bei, na wanunuzi wakaipandisha kidogokidogo. Mama hakusema neno. Aliinua kidevu tu, dalali akamwangalia, akaandika katika daftari lake lililojikunja kwa unyevu, na samaki wakawa wake. Hakutoa hata shilingi. Kabla ya kuondoka alimpa mchukuzi vibua viwili, akaweka kimoja katika bakuli la bibi aliyekaa ukutani, akatenga vichache vya kitoweo cha nyumbani. Nilimfuata kwa ruhusa yake hadi uani, ambako alipaa samaki, akawasha makumbi ya nazi aliyoletewa na mjukuu, akamimina mafuta karaini na kukaanga hadi adhuhuri. Jioni, baada ya kuuza mafungu yake, alirudi kwa dalali kulipa, nao wakapatana kupunguza kidogo kwa sababu baadhi ya samaki walikuwa wamelegea.

Mama huyo alikuwa miongoni mwa watu wachache niliowajaribia rasimu ya kwanza ya dodoso, na katika sehemu ya mikopo alikuwa amejibu kwamba hadaiwi. Hakudanganya. Sehemu ile iliuliza kuhusu benki, vyama vya akiba na mikopo na vikundi vya kukopeshana. Mali kauli, yaani kuchukua mali leo kwa ahadi ya kulipa baada ya kuuza, ambayo ndiyo inayoendesha biashara yake kila siku, haikuwa na kisanduku cha kutiwa alama. Vivyo hivyo samaki aliowagawa hawakuwa mauzo wala hasara, na kuni za mjukuu hazikuwa gharama. Tungejumlisha majibu yake kwa uaminifu mkubwa na kupata faida ambayo hakuna aliyeipata.

Tofauti hii kati ya jibu na tendo imechunguzwa kwa muda mrefu. Katika makala iliyotoka mwaka 1934, Richard LaPiere, mwanasosholojia wa Marekani, alieleza jinsi alivyosafiri nchini mwake na mume na mke Wachina, wakati chuki dhidi ya watu wa asili hiyo ilikuwa kali. Waliingia katika hoteli na migahawa zaidi ya 250 na kukataliwa mara moja tu. Miezi kadhaa baadaye aliwaandikia wenye sehemu hizo kuwauliza kama wangewapokea wageni Wachina, na zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu walisema hapana. Wapo waliomkosoa, kwa hoja nzuri, kwamba aliyejibu barua huenda hakuwa yule aliyesimama mlangoni siku ile. Nami ningesema ukosoaji huo una funzo lake kwa mtafiti wa kaya zetu, kwa sababu mara nyingi anayejibu dodoso mlangoni ni mume au mkwe, ilhali mwenye biashara yuko mitaani na sinia.

Ushuhudiaji nao una kanuni zake, na anayedhani ni kukaa na kutazama tu ataondoka na hadithi badala ya data. Mwanasosholojia Raymond Gold, mwaka 1958, alitaja nafasi nne ambazo mtafiti anaweza kuzishika, kuanzia mshiriki kamili ambaye watu hawajui kuwa anawatafiti, hadi mtazamaji kamili asiyehusiana nao kabisa. Ya kwanza niliiona si ya haki kwa watu waliokuwa wakinikaribisha, na ya mwisho haiwezekani katika mji ambapo kukaa kimya bila kusalimia ni utovu wa adabu. Nilichagua kuwa mtazamaji anayeshiriki kidogo: nilisaidia kupaa samaki, kubeba maji, kuhesabu chenji, lakini sikununua mnadani, kwa kuwa mnunuzi mmoja wa ziada mwenye fedha taslimu angeweza kusogeza bei niliyokuja kuipima.

Daftari la mfukoni lilikuwa la maneno mafupi tu, na maelezo kamili yaliandikwa usiku uleule, kabla ya kulala, hata pale mwili ulipokataa. Kila ukurasa niliupiga mstari katikati. Kushoto niliandika nilichokiona na kukisikia, kulia nilichokifikiri. Mstari huo uliniokoa wakati wa uchambuzi, kwa sababu baada ya miezi akili haikumbuki tena kipi kilikuwa tukio na kipi kilikuwa tafsiri. Pamoja na maelezo hayo tulikuwa na karatasi ya kuhesabia: kila dakika 15, mahali palepale, tuliandika nani ananunua, mwanamke au mwanamume, kiasi gani, na kama analipa taslimu au anaandikwa. Wawili wetu tulijaza karatasi hiyo kwa wakati mmoja bila kutazamana, kisha tukalinganisha. Kulingana kwa asilimia 80 kunapendeza masikioni, lakini ikiwa mngelingana asilimia 50 kwa bahati tu, kipimo cha kapa alichokitoa mwanasaikolojia Jacob Cohen mwaka 1960, ambacho huondoa kulingana kwa bahati, kinashuka hadi 0.6. Sisi mwanzoni hatukulingana vya kutosha kuhusu malipo, kwa sababu dalali mwingine huandika na kupokea fedha kwa mpigo mmoja, na ilibidi tukubaliane upya maana ya kila safu.

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu moyoni. Niliitwa mtu wa ushuru. Wengine walidhani nimetumwa kufuatilia nyavu zilizokatazwa. Na mazungumzo yalikuwa yakikatika nilipokaribia. Wenzangu wa darasa walikuwa tayari wanaingiza data, nami sikuwa na hata dodoso moja lililojazwa, na kila nilipohesabu fedha zilizobaki usingizi ulikata. Mtu anayetazamwa hubadilika, na jambo hilo lilipewa jina kutokana na kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, ambako kati ya mwaka 1924 na 1932 ilidhaniwa kwamba wafanyakazi walizalisha zaidi kwa sababu tu walikuwa wakichunguzwa. Data za kiwanda hicho zimepingwa na wataalamu wa baadaye, ila tahadhari yenyewe niliiona kwa macho: juma la kwanza madalali walikuwa wapole na wenye haki kupita kiasi. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kukaa muda mrefu hadi watu wachoke kujitunza, na kutotumia data za siku za mwanzo katika hesabu.

Swali la maadili lilinisumbua zaidi ya yote. Anayekaa ufukweni ataona nyavu zilizokatazwa, ataona samaki wachanga, atasikia habari za chombo fulani. Nawasihi wenzangu walijadili jambo hili na msimamizi na kamati ya maadili kabla ya kufika, si baada ya kuona. Tulikubaliana kwamba nisiandike majina ya vyombo wala namba zake, nisipige picha za nyavu, na maelezo yote ya watu yatumie namba, huku ufunguo wa namba hizo ukihifadhiwa mbali na daftari. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hili si suala la heshima pekee, ni wajibu wa kisheria. Kuhusu ridhaa, kumtaka mwanamke asiye na mazoea na ofisi atie saini karatasi kunaweza kumtisha kuliko utafiti wenyewe, hasa karatasi hiyo inapogusa fedha; kamati ilikubali ridhaa ya mdomo mbele ya shahidi, na aliyesema hapana tuliacha kumfuata wala hatukumrudia.

Dodoso jipya lilijaribiwa Mlingotini, kijiji cha pwani kinachojulikana kwa kilimo cha mwani, ili wahojiwa wetu wa mjini wasiyasikie maswali mapema. Hapo tulimwomba kila mhojiwa atueleze kwa maneno yake tulichokuwa tumemuuliza kabla ya kujibu, na maswali kadhaa yaliondoka palepale. Hapo pia ndipo tulipoachana na mizani ya kukubali na kutokubali, ile inayobeba jina la Rensis Likert tangu mwaka 1932. Bibi mmoja alikubali kila sentensi tuliyomsomea, hata zilizopingana, kwa upole uleule: “Nakubali, mwanangu.” Alikuwa akitutendea wema kama wageni wake. Badala ya mizani hiyo tuliweka mezani maharage 20, tukamwomba mhojiwa ayagawe kuonyesha fedha yake inakokwenda: chakula, ada na sare za watoto, mafuta na kuni, kulipa deni, kodi ya nyumba. Mikono ilifikiri vizuri kuliko midomo. Mhojiwa mmoja aligawa yote akabakiwa na matatu, akayazungusha kiganjani, akauliza michango ya arusi na matanga aiweke wapi, kwa kuwa hatukuwa tumeipa nafasi. Tuliiongeza siku hiyohiyo, na mjini ikawa miongoni mwa mafungu makubwa.

Kuhusu wadadisi, niliwachagua wanawake wa palepale Bagamoyo, lakini si wa mtaa mmoja na wahojiwa, kwa sababu jirani haambiwi deni. Mahojiano yalifanywa baada ya alasiri, wakati samaki wamekwisha kukaangwa na wateja wa jioni hawajaanza kuja, na mume alipokuwapo mdadisi alianza na maswali ya samaki na kuacha ya fedha hadi atakapopata faragha, au aliomba kurudi. Kurudi kuna gharama, nayo iwekwe katika bajeti. Vishikwambi vilitupunguzia makosa ya kuruka maswali, ila watu walikuwa bado na kumbukumbu ya makarani wa sensa ya Agosti 2022, na wengine walitujibu kwamba walikwisha kuhesabiwa. Tuliwafundisha wadadisi kukiweka kishikwambi pembeni hadi salamu ziishe zote, na kumtazama anayesema.

Sitaki msomaji adhani ninalidharau dodoso. Ushuhudiaji ulinivuta kwa wanawake wenye sauti na wenye nafasi nzuri mnadani, na kwa sababu ya kuwaona kila siku nilianza kuamini kwamba mali kauli ni ya wote. Ni dodoso, lililopita katika orodha mpya nyumba kwa nyumba, lililoonyesha kwamba wengi wa wale wakaangaji wadogo hawaandikwi na dalali yeyote. Hawana wa kuwaamini, hununua kwa fedha taslimu kwa mkono wa pili, na hivyo huanza siku wakiwa wamekwisha kulipa zaidi. Macho yangu peke yake yasingeliona hilo, kwa kuwa wanawake hao hawakuwa wakikaa mahali nilipokuwa nimekaa.

Tulirudisha matokeo kwa mkutano uliofanyika katika darasa la shule ya msingi, kwa karatasi kubwa zenye michoro na bila neno lolote la kitaalamu. Waliikubali sehemu ya deni, wakaipinga michoro ya mauzo. Walitukumbusha kwamba sehemu ya mwezi wetu iliangukia mwanzo wa Ramadhani, ambapo samaki wa mchana hawana mnunuzi na biashara yote huhamia saa za futari, na wakasema kwamba mtu anayetaka kujua maisha yao lazima aje pia wakati wa kusi, pepo zinapokuwa kali na mashua ndogo zinapokaa pwani. Pingamizi hilo liliingia katika tasnifu kama lilivyotolewa, na michoro ikawekewa tarehe za mwezi mwandamo chini yake. Kipindi cha kusi hakimo katika utafiti wangu, kwa sababu fedha ilikuwa imekwisha. Atakayeufuatia aombe tangu mwanzo fedha za misimu miwili, kaskazi na kusi, hata kama italazimu sampuli iwe ndogo zaidi, na fedha za mkutano wa mrejesho azitenge pembeni kabla hajalipa posho ya kwanza.